Feni Inayotia Baridi

Kazi yangu ilikuwa kuuza feni za mkono, zile za kukunja, katika jiji la Mbeya. Aliyecheka amalize kucheka, nitamsubiri. Mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka mezani, sisi wauzaji tumevaa makoti ya mtumba juu ya sweta, na mimi nimetandaza feni za rangi zote kama mtu aliyekosea mkoa. Jirani yangu muuza chai alikuwa na salamu moja tu ya asubuhi: "Ugonile, Mama Feni. Barafu umeleta?" Namjibu barafu iko njiani, inapanda Mlima Nyoka.

Lakini ziliuzika, wajukuu zangu. Walinunua wanaoshuka Dar es Salaam, walinunua wake za wachimbaji wa Makongolosi, walinunua maharusi na wasimamizi wao. Na walinunua kina mama wa umri ule ambao joto linatoka ndani ya mtu mwenyewe bila kuangalia hali ya hewa. Hao walikuwa wateja wangu wazuri kuliko wote. Hawabishani bei, wanafungua feni hapo hapo, na ukiwachelewesha watakufokea.

Sasa nimestaafu. Goti limekataa kusimama sokoni, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kinalia kama mlango, na sababu yake mtaijua. Feni anauza mjukuu wangu Happy, kwa simu. Juzi alikuja kunionyesha picha kumi na mbili kwenye kioo, akaniuliza, "Bibi, hapa ipi kali?" Nikamwuliza kama simu yake inatoa upepo. Akasema hapana. "Basi mimi nitajuaje?" Akanuna. Nikamwahidi nitamwandikia yeye na wenzake wote wanaochagua feni kwa macho, kwa sababu kosa hilo ninalijua vizuri. Nililifanya mimi, kwa dazani nne.

Aliyenifundisha alikuwa Iringa mjini, mwanamke tuliyemwita Shangazi Melania. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alikuwa Mhehe mwembamba, Mkatoliki wa misa ya kwanza, muuza feni, vitana na leso, mwenye ulimi mkali kuliko wembe mpya. Nilifika kwake msichana, nikiamini feni ni feni. Siku ya kwanza aliniwekea nne mezani akasema, "Chagua nzuri." Nikachagua ya zambarau yenye maua ya dhahabu.

"Umechagua gauni," akasema. "Fumba macho, uchague feni."

Nikafumba. Akanipepea shavuni, feni moja baada ya nyingine, kwa nguvu ile ile. Ya kwanza nilisikia kelele tu. Ya pili nilisikia harufu ya gundi. Ya tatu upepo wake ulikuja vipande vipande, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimelegea kati ya kijiti na kijiti. Ya nne ilinijaa shavu zima, taratibu, mpaka nikainua kidevu bila kuambiwa. Nilipofumbua macho nikakuta ni ile ya rangi ya udongo, vijiti vya mianzi na kitambaa cha pamba, mbaya kuliko zote pale mezani. Ile ya zambarau ndiyo iliyokuwa na kelele.

"Upepo haujuagi maua," Shangazi akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Hapo somo likaanza, na halikuisha siku nilipoondoka. Feni ikiwa imekunjwa, iangalie ubavuni: kitambaa kikichungulia nje kama shati lililotoka kwenye suruali, iache. Ifungue kwa mkono mmoja. Ikigoma, itakuchosha, ikifunguka yenyewe kabla hujaiambia, haimalizi mwaka. Ishike kwa kukiweka kijiti cha nje juu ya kidole gumba, uitikise mara moja, na isikie inavyofunguka. Inatakiwa iseme neno moja. Zile zinazotoa hotuba hazifai kanisani, padri atakutazama mpaka ukome.

Na kidole kilowanishwe mate, kisuguliwe kwenye kitambaa. Hilo nililipuuza mara moja tu. Nilikuwa bado Iringa, Shangazi kaenda kijijini kwao kwenye msiba, mimi nimebaki na meza, ikaja kwaya moja ya Kilutheri kutaka feni za zambarau zifanane na majoho yao. Nikauza bila kupima. Jumapili kukawa na jua, wakapepea, mikono ikatoka jasho, rangi ikashuka viganjani. Kisha wakajifuta nyuso. Walisimama kuimba habari za kuvikwa mavazi meupe huku wamepakwa wino kuanzia paji la uso mpaka kidevu, na mchungaji alilazimika kuinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Shangazi aliporudi hakunigombeza. Alinikabidhi ndoo na sabuni ya mche, akanielekeza nyumba kwa nyumba.

Pini ndiyo niliyofundishwa na mteja, wala si Shangazi. Ilula, pale barabarani, palikuwa na muuza nyanya mmoja, Mama Editha, aliyenunua feni nyekundu kwangu kila nilipopita, na kila nilipopita ile ya awali ilikuwa imekwisha. Nikadhani ana kiburi cha fedha. Siku moja nikakaa kumtazama. Alifukuzia nzi kwenye nyanya, alipepea jiko la mahindi, na basi likitokea aliifungua juu kwa mkupuo kulisimamisha, halafu akaifunga na kuwaonyeshea nayo abiria ndoo ya kununua. Alifungua na kufunga siku nzima.

"Mbona unaniuziaga magonjwa?" akaniuliza, akanirushia feni tatu zilizokatika mahali pamoja, kwenye pini ya plastiki inayoshika vijiti vyote. Tangu hapo nilianza na pini kabla ya kitu kingine. Iwe ya chuma, iwe na kichwa pande zote mbili, na ukitikisa feni iliyofungwa sikioni isicheze. Nilimletea ya pini ya chuma, ikakaa msimu mzima. Akaanza kulalamika kwamba sasa hanioni.

Nilipoolewa kuja Mbeya, Shangazi alinipa ile feni ya rangi ya udongo. "Hii haiuzwi," akasema. "Iweke mezani. Kila feni mpya ikija, jipepee kwa hiyo mpya, halafu jipepee kwa hii. Usije ukasahau upepo ukoje. Watu wa baridi mnasahauga haraka."

Nikamshukuru, nikaitia mkobani, na mkobani ikabaki. Kusema kweli niliionea aibu. Meza yangu ilikuwa inang'aa, sasa pale katikati niweke kitu cha rangi ya tofali?

Na sasa sikilizeni jinsi Mbeya ilivyoniharibu. Nilianza vizuri. Mteja akija nilimwambia afumbe macho, nampepea shavuni kwa feni nzuri, kama nilivyofundishwa. Mteja kavaa koti, kafunga na mtandio, kamasi zinamtoka. Upepo ukimfika anaruka. "Jamani, hii inatia baridi! Nipe nyingine." Nampa nyingine, hafifu kidogo. "Afadhali, lakini bado." Nampa ile mbovu kabisa, ya lesi iliyojaa matundu, haisukumi hata moshi wa mshumaa. Anatabasamu. "Eeh, hii ndiyo nzuri." Analipa, anaondoka.

Mteja mmoja, wawili, mia. Msimu baada ya msimu feni nzuri zilinirudia mezani na mbovu zikaisha. Muuzaji anafuata mnunuzi, ndivyo nilivyojiambia. Mwishowe nikaagiza za lesi tupu, na mimi mwenyewe nikaanza kuziona ndizo feni. Shangazi alikuwa ameniambia nitasahau, na nikasahau hata kwamba aliniambia.

Ndipo akaja Mama Tusa, mkulima wa mpunga kutoka Madibira, mteja wangu wa leso. Alikuwa anaandaa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Grace kabla ya ndoa. Alitaka dazani nne za feni za bluu kwa ajili ya kina mama wote, na alikuja Mbeya mwezi wa saba, kwenye baridi la kung'oa meno. Akajaribu ya kwanza, akasema inatia baridi. Mnajua aliyoichagua. Alifurahi mpaka akanialika, akaniambia, "Mama Feni, utakaa meza ya mbele, watu wakuone." Watu waliniona, ni kweli.

Sendofu ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mchana, ili wa mbali wawahi kurudi. Ambaye hajafika Madibira mwezi huo mvua hazijaanza, siwezi kumweleza akaelewa. Ukumbi wa bati, hauna dari. Mapangaboi mawili juu yamesimama, umeme umekatika tangu asubuhi. Niliposhuka kwenye gari nilivua sweta, kisha nikavua kitenge cha juu, na kama si heshima ningeendelea.

Grace alilelewa na bibi yake, Bibi Salome, mama yake Mama Tusa, tangu akiwa hajaota meno. Kwa utaratibu wao bibi ndiye wa kupokea keki kwanza, kisha anamwekea binti mkono kichwani na kumpa nasaha za kuondokea. Bila hilo sendofu haijawa sendofu. Lakini Bibi Salome alikuwa na kifua. Walimkalisha kwenye kochi mbele, na nusu saa haikupita midomo ikaanza kumkauka, mabega yanapanda na kushuka kwa kutafuta pumzi.

Kina mama wakamzunguka na feni zangu za bluu. Walipepea kwa moyo wote. Lesi ikapita hewani, hewa ikapita kwenye lesi, na kila mmoja akabaki mahali pake. Niliona shungi la kitambaa kichwani kwa bibi, wanawake sita wanalipepea, halitikisiki. Wakaongeza nguvu. Pini zikaanza kukatika, moja, nyingine, kijiti kikaruka juu ya vichwa vya watu kikatua kwenye keki, kikasimama wima.

"Mabibi na mabwana, keki imeongezwa mshumaa!" mshereheshaji akatangaza. Watu wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inifunike.

Mama Tusa hakucheka. "Tumtoeni mama nje, tumpeleke zahanati," akasema. "Grace atapewa nasaha na mtu mwingine."

"Sitoki," Bibi Salome akasema, neno moja kwa pumzi moja. "Nimemlea. Mimi. Nitamuaga. Mimi."

Grace alikuwa bado nje na wapambe wake, anasubiri kuingia. Niliwaza: binti yule akiingia akute kochi tupu, nitakuwa nimemwondolea bibi yake kwa kitambaa chenye matundu. Nikafungua mkoba. Chini kabisa, chini ya leso na karanga, ilikuwepo feni ya Shangazi. Nikaitikisa mara moja, ikasema neno lake moja.

Nikawaomba wale kina mama wasogee, maana nao walikuwa wanaziba hewa. Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Feni nzuri haitaki fujo. Unatumia kifundo cha mkono, bega linatulia, na hupeleki upepo puani moja kwa moja, unaanzia chini ya kidevu uupandishe. Nikapepea. Lile shungi likainuka. Bibi akafumba macho, na baada ya muda kidogo akainua kidevu, vile vile nilivyokiinua mimi kwa Shangazi. Mwenzenu nilikaribia kulia pale pale.

Mabega yake yalipotulia akanitazama. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Ningeweza kutaja jina la baba yangu, yakaisha. Nikasema, "Bibi, mimi ndiye niliyeuza zile za bluu."

Akazitazama zile za bluu, zimetapakaa sakafuni. Akanitazama mimi. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi usiache kupepea."

Sikuacha. Grace aliingia, akacheza mpaka mbele, wakafungua shampeni, wakakata keki baada ya kung'oa kijiti, zawadi zikapita kila familia na wimbo wake. Nilipepea karibu saa tatu nzima. Chakula nililishwa kwa kijiko na Mama Tusa, tena si kwa upole. Kifundo changu kilivimba, na ndicho hiki kinacholia mpaka leo. Mjukuu wangu anasema ni uzee. Uzee ulikuja baadaye, ukakuta nafasi imeshashikwa.

Zamu ya Bibi ilipofika alipokea keki, akamwinamisha Grace, akamwekea mkono kichwani. Ukumbini ikabaki sauti ya feni yangu. "Ulikuja kwangu hujui kuosha hata kijiko," akasema. "Leo unajua kila kitu, mpaka kunibishia. Nenda, umheshimu mwenzio, naye akuheshimu. Akikutesa, njia ya kurudi unaijua. Mlango wangu haunaga komeo." Grace alilia, Mama Tusa akalia, mshereheshaji mwenyewe akageukia ukutani.

Nilipoondoka nilimwachia Bibi ile feni. Hakukuwa na haja ya kufikiri. Niliporudi Mbeya nilitoa za lesi zote mezani, nikatafuta dazani nne za mianzi na pini ya chuma, nikampelekea Mama Tusa kufidia. Alizipokea mlangoni. Kunikaribisha ndani alianza tena mwaka uliofuata.

Zito lililobaki lilikuwa Iringa. Nilipanda basi nikaenda kwa Shangazi Melania, mzee sasa, amekaa kwenye kigoda chake pale pale.

"Kamwene, Shangazi."

"Kamwene. Umekonda. Feni yangu iko wapi?"

Nikamweleza yote, nikianzia kwenye mkoba na kumalizia Madibira. Nilimwambia hata lile la kuionea aibu. Alisikiliza huku anapanga vitana vyake. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Upepo ulimfika?"

"Ulimfika, Shangazi. Aliinua kidevu."

"Basi kunywa kahawa, inapoa."

Kuanzia siku hiyo mteja wa Mbeya akisema feni inatia baridi, nilimjibu, "Ndiyo kazi yake, mama. Unakwenda nayo wapi?" Akisema anashuka Madibira, au Makongolosi, au Dar, simwuzii nyingine hata akinuna. Akisema ni ya kupigia picha tu, achukue ya maua, Mungu ambariki. Happy, swali hilo linaulizika hata kwa simu: unakwenda nayo wapi? Na zile feni zenu za chaji zinazolia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, sizipingi. Zijaribuni shavuni nazo. Halafu mniambie mnafanyaje umeme ukikatika.

Miaka ikapita. Nikiwa karibu kuacha kazi, asubuhi moja ya ukungu, mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yangu na mtoto mgongoni. Alikuwa Grace. Alikunjua kitambaa, ndani yake kukawa na ile feni ya rangi ya udongo. Mianzi ya nje ilikuwa imelika kidogo mahali pamoja, palipokaa kidole gumba cha bibi yake.

"Tumemzika mwezi uliopita," akasema. "Alikuwa anajipepea na hii mpaka siku ya mwisho. Alisema irudi kwako, kwa sababu wewe hukukimbia."

Niliitikisa sikioni. Pini haikucheza. Nikajipepea shavuni, ukaja upepo ule ule wa Iringa, wa siku ile nimefumba macho, nikaanza kulia mbele ya wateja bila aibu, na Grace naye akaanza, na mtoto mgongoni akatusaidia.

Palikuwa na mama mmoja pembeni, koti limefungwa mpaka shingoni, anasubiri kuhudumiwa. Akaona kitu kinaliliwa, akadhani lazima ni cha thamani. Akanyoosha mkono akaichukua, akajipepea mara mbili.

"Hii shilingi ngapi?" akauliza.

"Hiyo haiuzwi, mama."

Akairudisha mezani, akapandisha kola ya koti. "Hata hivyo isingenifaa," akasema. "Imechakaa, halafu inatia baridi."